Kichwa cha Kujifunzia

Waarabu wana methali ya kumsema mtu anayejifunza kupiga hijama kwenye vichwa vya mayatima. Hijama ni ile tiba ya kutoa damu kwa vikombe. Ukipita Eastleigh utaiona imetangazwa. Ukali wa methali uko kwenye neno la mwisho. Kila fundi lazima aanzie kwenye kichwa cha mtu fulani, hilo halina ubishi. Lakini yatima ndiye hana baba wa kuja jioni kuuliza nani amemkatakata mtoto wangu hivi.

Huku Eastlands hatuhitaji kwenda mbali. Ingia kwa kinyozi yeyote Kayole au Umoja wiki ya kufungua shule. Fundi mwenyewe anabaki na wateja wakubwa, wale wa kuchongwa ndevu. Kijana anayejifunza anapewa watoto, kwa sababu mtoto analipa kidogo na hajui kulalamika. Akikosea mstari anamaliza zote, mtoto anarudi nyumbani na jordan, na mamake anasema afadhali, zitakaa hadi katikati ya muhula. Nywele huota. Ndiyo maana hakuna mtu amewahi kuandika insha ya kulaumu vinyozi.

Kazi ninayojifunza mimi si ya nywele.

Niko mwaka wa mwisho wa kusomea ile fani ambayo Tanzania huiita tiba kwa vitendo. Nairobi hospitalini kila mtu husema OT, na mtaani hata hiyo haijulikani. Mimi ni "yule wa mazoezi" au "fizio", na niliacha kubishana zamani. Tofauti yenyewe ni hii: fizio anataka mkono wako uinuke, mimi nauliza ukishainuka unataka kuufanyia nini. Kufunga vifungo vya shati, kusonga ugali, kupanda mat, kumbeba mjukuu. Wazo la msingi ni kwamba mtu ni yale anayoyafanya kila siku, na ukimrudishia shughuli zake umemrudishia kipande cha yeye mwenyewe. Chama cha kwanza cha kazi hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, vita vikiendelea. Kenya tulianza kuifundisha mwishoni mwa miaka ya 1960, KMTC Nairobi.

Shirikisho la dunia la kazi hii, WFOT, linataka kila mwanafunzi awe na angalau saa 1,000 za mazoezi na watu halisi, chini ya msimamizi, kabla hajahitimu. Sisi tunaita atachimenti. Unapelekwa hospitali hii wiki kadhaa, shule maalum ile wiki kadhaa, kisha unatembelea watu makwao. Saa zinaandikwa kwenye kitabu na msimamizi anatia sahihi.

Jioni moja nilifanya hesabu. Chukua mtoto mmoja mwenye ulemavu wa ubongo, yule anayeletwa kliniki mara moja kwa wiki kwa nusu saa. Ili mtoto huyo peke yake anipe saa 1,000, atahitaji kuja mara 2,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 38 bila kukosa hata wiki moja. Hata ukitoa saa za mikutano na za kuandika ripoti, bado ni miaka mingi sana. Maana yake hakuna mtu mmoja anayeweza kumtengeneza mtaalamu. Nimetengenezwa kwa nusu saa za watu wengi ambao hawajuani. Kila mmoja alitoa kipande cha mwili wake na kipande cha siku yake, na hakuna kitabu chochote kilichoandika upande wake.

Basi swali langu ni dogo: mimi nina deni kwa nani?

Kwanza tuangalie ni akina nani hao. Hakuna sheria inayosema wanafunzi wafunzwe kwa maskini. Inatokea tu. Wanafunzi wanapelekwa kwenye vituo vya umma, na kwenye vituo vya umma ndiko anakoenda mtu asiye na bima ya maana. Mtu wa Kilimani akiona beji ya mwanafunzi anaweza kusema, samahani, nataka aliyehitimu. Ataletewa, kwa sababu analipa. Sehemu ya pesa anazolipa, ukifikiria vizuri, ni bei ya kutojifunziwa.

Nairobi ilichorwa hivyo tangu ukoloni. Wazungu walichukua upande wa magharibi, kwenye miinuko na miti, na Waafrika wafanyakazi wakawekwa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Kila asubuhi Jogoo Road inabeba nguvu za watu kuelekea upande ule mwingine, na jioni inawarudisha wamechoka. Baada ya uhuru tukawa pia mahali pa kujaribia mambo. Dandora ya miaka ya 1970 ilikuwa jaribio la Benki ya Dunia: viwanja 6,000 hivi, choo na maji, halafu wewe mwenyewe ujijengee. Sisemi lilikuwa jambo baya, kuna watu wazima wanaheshimika leo kwa sababu ya ploti hizo. Nasema tumezoea kuwa kichwa cha kujifunzia. Mimi ni mtoto wa Umoja, na sikupenda kugundua kwamba beji yangu inanipanga upande wa wenye mashine ya kunyolea.

Nikimaliza, kazi iko wapi? Vituo vya umma haviajiri kila anayehitimu. Wengine tutafungua kliniki, na kliniki hufunguliwa mahali penye watu wa kulipa. Wengine watapanda ndege. Kwa hiyo njia ni ile ile ya Jogoo Road: ujuzi unachimbwa Kayole, unauzwa Kilimani.

Najua jibu la haraka, kwa sababu mwenzangu mmoja alinipa tukiwa kwa kibanda tunakula chapo madondo. Alisema: sawa, toa wanafunzi wote kesho, uone nani atabaki kuwahudumia hao watu unaowahurumia. Ana hoja. Mtaalamu aliyehitimu ana foleni hadi mlangoni na anaweza kukupa dakika kumi na tano. Mwanafunzi anakupa saa nzima, kwa sababu anahitaji hiyo saa kwenye kitabu. Mwanafunzi anauliza maswali ambayo hakuna mtu amewahi kuuliza, kama mtoto hulala upande gani na nani hushinda naye mama akienda kibarua. Mama mmoja aliniambia wazi, "Wale wakubwa wanajua. Nyinyi mnasikiza." Kwa hivyo yule anayedhani mwanafunzi daima ni huduma ya pili hajakaa kwenye foleni hizo.

Wanafalsafa hawatusaidii sana hapa, ingawa wanatusaidia kupanga swali. Aristotle alisema mambo tunayopaswa kujifunza ndipo tuyafanye, tunajifunza kwa kuyafanya: mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga. Sawa, lakini nyumba mbovu ya kwanza ya mjenzi nani aliishi ndani? Kant alisema usimtumie mtu kama chombo tu. Neno "tu" ndilo lenye kazi yote. Mama anayenipa mtoto wake anajua namtumia, na yeye ananitumia. Sote wawili tunatoka na kitu. Je, hapo "tu" imeisha?

Nilikuwa nadhani tatizo liko kwenye ridhaa. Watu wanatuita daktari, na mtu akikuita daktari halafu unyamaze, umemdanganya. Kwa hiyo mimi husema kila mara, kabla sijagusa mtu: mimi ni mwanafunzi, unaweza kukataa. Huyo mama niliyemtaja, anayeishi orofa ya nne kwenye moja ya zile nyumba za Kayole zisizo na lifti, alinicheka. "Najua wewe ni mwanafunzi. Wote huwa wanafunzi. Daktari ni kukuita tu, ama nikuite nani? Na nikikataa, nirudi nyumbani na nini?"

Hakuwa amedanganywa hata kidogo. Alijua kila kitu na bado hakuwa na chaguo lingine. Fomu ya ridhaa haiwezi kurekebisha hilo, hata ukiitafsiri kwa Kiswahili kitamu namna gani.

Na ile nusu saa ya bure si bure. Anafanya kazi ya kufulia watu nguo. Siku ya kliniki hafui, kwa hivyo hakuna pesa. Anambeba mtoto mgongoni ngazi zote, kiti cha magurudumu kikiwa kimebaki chini kwa keateka kwa sababu hakipandi. Kwenye mat, makanga wengine wanamlipisha viti viwili, wengine wanajifanya hawajamwona kwa steji. Akifika, anakuta mimi. Ukipiga hesabu yake, kila nusu saa ninayoandika kwenye kitabu changu imemgharimu yeye siku nzima.

Chuoni huwa tunafanya zoezi la kulishana. Unaketi, mikono chini, mwenzako anakulisha na huruhusiwi kusema. Nilijifunza kitu siku hiyo ambacho hakuna kitabu kingenifunza, kwamba kulishwa kwa haraka kunaleta hasira, hasira ya kweli, hata kama anayekulisha ni rafiki yako. Kijiko kinakuja kabla hujameza. Unataka kusema ngoja. Halafu mwalimu anapiga makofi, zoezi limeisha, kila mtu anafuta mdomo akicheka. Kinyozi hajinyoi. Tunaweza kujifunzia kwa miili yetu wenyewe, lakini hadi pale tu ambapo sisi tuna uwezo wa kusema imetosha.

Yaliyobaki nilifunzwa na watu wa mtaa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu neno "kutumia" halitoshi kueleza kilichotokea.

Tulipewa shosho mmoja Maringo, aliyepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi. Maringo ni zile nyumba za zamani za kanjo, chini kwa chini, mlango unafungukia uani. Chuoni tuna jiko la mfano lenye kaunta inayofika kiunoni, na mbinu tulizofunzwa za kupika kwa mkono mmoja zinadhani una kaunta. Shosho anapikia jiko la makaa lililo sakafuni, yeye ameketi kwenye kigoda. Na lengo lake lilikuwa moja: kusonga ugali. Si kupika chai, si kukata sukuma. Ugali, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameanza kuupika vibaya na shosho hangeweza kuvumilia zaidi.

Kusonga ugali ni kazi ya mikono miwili. Mmoja unashika mwiko, mwingine unazuia sufuria. Ukiwa na mmoja, sufuria inazunguka pamoja na mwiko na unabaki unaendesha sufuria kama usukani. Mimi nilipendekeza kitambaa chenye maji chini ya sufuria, kama nilivyofunzwa. Juu ya makaa? Shosho aliniangalia tu. Ziara iliyofuata nilikuta amemtuma mjukuu kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapo karibu, amempa maelezo yake mwenyewe, na fundi amemtengenezea vyuma viwili vilivyopindwa mwisho. Kila kimoja kinashika sikio moja la sufuria na kuingia kwenye mdomo wa jiko. Sufuria haikusogea. Alisonga ugali mbele yangu, akanipakulia, nikala.

Sasa fomu ya ripoti. Ina sehemu ya tatizo, sehemu ya lengo, na sehemu ya hatua zilizochukuliwa na mwanafunzi. Hakuna sehemu ya hatua zilizochukuliwa na shosho. Ripoti za namna hii zina sentensi yao, "mteja amefundishwa mbinu mbadala", na ukisoma ripoti mia utaikuta sentensi hiyo mara mia. Mimi niliandika kwamba mteja amebuni kifaa na amemfundisha mwanafunzi. Msimamizi wangu, mtu mzuri kabisa, alisoma akauliza, "Na mchango wako wewe uko wapi hapa?" Nikasema mimi nilikula. Alicheka, lakini alama ni alama.

Ile vyuma viwili nimewaeleza wagonjwa wengine watatu tangu hapo. Nikifungua kliniki nitaieleza tena, na nitalipwa. Shosho hajui.

Kwa hiyo siamini tena kwamba deni langu ni la makosa ya mwanzoni. Makosa ya mwanafunzi yana msimamizi wa kuyazuia, na mengi ni madogo. Deni lenyewe ni la aina mbili ambazo hatuzizungumzii. Moja ni hilo la shosho: tunachukua ujuzi wa watu na kuuandika kama wetu. La pili ni la kuondoka, na kwangu hili ndilo kubwa.

Mtoto mwenye ulemavu wa ubongo anahitaji miezi kuzoea mikono mipya. Mwanafunzi anakuja kwa wiki nane. Wiki mbili za kwanza mtoto analia akiguswa. Wiki ya tatu anatulia. Wiki ya tano anaanza kushika kijiko, na wiki ya nane mwanafunzi anaaga kwa sababu ratiba inampeleka kwingine. Baada ya likizo anakuja mwingine, anafungua faili, anaanza kupima upya kutoka mwanzo, kwa sababu kupima ni sehemu ya alama zake. Kwa mwanafunzi kila mwanzo ni somo jipya, lakini kwa mtoto ni kijiko kile kile kwa mara ya sita. Ratiba imepangwa kwa kufuata tunachohitaji kujifunza sisi, na hakuna mwovu hata mmoja aliyeipanga hivyo.

Yule mama wa orofa ya nne alikuwa na dawa yake. Siku ya kwanza nilipofika kwake, kabla sijatoa hata kalamu, alichukua daftari la shule kutoka chini ya godoro akanipa. "Soma kwanza." Kila mwanafunzi aliyewahi kupita hapo yumo ndani. Jina, tarehe ya kuja, tarehe ya kwenda, alifanya nini, na mbele yake kwa wino mwekundu: imesaidia, haikusaidia, alilia sana usirudie. Kulikuwa na mchoro wa jinsi ya kumkalisha mtoto wakati wa kula, kichwa kikiwa wima, kidevu chini kidogo, kamwe asilishwe akiwa amelala chali kwa sababu anaweza kukabwa. Aliuchora mwenyewe baada ya mwanafunzi wa pili kumwonyesha, na wa tatu kusahau. Nilikuwa nambari kumi na moja.

Lile daftari lilinipa zaidi ya faili ya kituo. Siku hiyo sikupima chochote. Nilisoma, nikauliza maswali, naye akajibu kama mwalimu anayejibu mwanafunzi, maana ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi kumi walikuwa wamekuja kwake wakaenda, na aliyebaki akijua kazi yote ni yeye. Mimi ningemwita mtaalamu wa mtoto mmoja. Saa zake zimepita 1,000 muda mrefu uliopita, ila hakuna wa kumtilia sahihi.

Sasa nina mambo machache ninayoyashikilia, nikijua hayageuzi ramani ya Nairobi. Namwambia mtu siku ya kwanza tarehe nitakayoondoka, si siku ya mwisho. Ninachokiandika kwa ajili ya kituo naandika pia kwa Kiswahili, kwenye karatasi inayobaki nyumbani. Kitu nilichofunzwa na mgonjwa nasema ni nani alinifunza, hata kama fomu haina nafasi. Na nimependekeza chuoni kwamba alama za ziara za nyumbani, angalau sehemu yake, zitolewe na mwenye nyumba. Nilijibiwa kwamba wenye nyumba watatupa wote alama za juu kwa huruma. Labda. Mimi nimesoma ule wino mwekundu, na sina hakika hiyo.

Mwenzangu wa chapo madondo bado anasema ninajitesa bure, kwamba mwalimu halipwi na mwanafunzi bali na yule atakayefundishwa baadaye. Ni hoja nzuri. Ila inafaa zaidi kama yule wa baadaye anaishi Kayole.

Wiki yangu ya nane niliuliza kama naweza kumleta anayenifuata, nimtambulishe, wakae pamoja siku moja nikiwepo. Kituo kilikubali, ila kwa muda wangu mwenyewe, nje ya saa za kitabu. Mama naye alikubali. Aliandika tarehe kwenye daftari, akauliza kama huyo anayekuja ana nguvu, kwa sababu mtoto sasa amefika kilo ishirini na ngazi ni zile zile.